Herufi Kumi na Tatu

Gundi ya unga wa muhogo ina harufu yake. Inaanza kama uji, maji na unga na mwiko na moto mdogo, lakini ukiiacha ikapoa inachachuka kidogo na kunukia kama nguo iliyoanikwa kivulini. Mwezi wa kumi na mbili uliopita mwanangu wa mwisho aliagizwa na mwalimu wake atengeneze pambo la karatasi la Krismasi. Duka la jirani lilikuwa limeishiwa gundi, nikamwambia asijali, nitampikia ya muhogo. Nilisimama jikoni nikikoroga. Ilipoanza kutoa yale mapovu mazito yanayopasuka moja moja kama mtu anayepiga midomo, nikazima jiko nikakaa chini. Mtoto akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni moshi umeniingia machoni. Jiko lenyewe lilikuwa la gesi.

Ngoja niwaambie ninyi nilichoshindwa kumwambia yeye.

Nilikuwa na miaka kumi, niko darasa la tatu, na tulikuwa tunaishi Kerende, miaka ile ambayo dhahabu ilichimbwa kwa sululu na nyundo na kila mwenye mikono miwili alijiona ana bahati. Baba alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo tangu ujana wake. Akaacha jembe, akaingia kwenye duara, ndivyo tulivyoyaita mashimo yale, pamoja na wenzake watano. Mama akafungua kibanda cha chai na maandazi karibu na mahali walipotwangia mawe. Kutwa nzima tulisikia nyundo, na Jumapili kazi ikisimama, masikio yalituvuma kwa ukimya. Wanaume walikuja kunywa chai wakiwa weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, na Mama alisema hawezi kuwakopesha kwa sababu wote wanafanana.

Mimi dhahabu haikunihusu. Aliyenihusu ni Bhoke.

Bhoke ni dada yangu, amenizidi miaka mitano. Alipewa jina la bibi, mama mzazi wa baba, na kwa sababu hiyo baba hakuwahi kumwita Bhoke. Alimwita Mama. "Mama, niletee maji ya kunawa." Hata alipomgombeza alimgombeza kwa adabu, kama mtu anayehofia marehemu anasikiliza. Shangazi Nyangi, dada yake baba, alikuwa amemchukua akasome kwake Nyamisangura, mjini Tarime, kuanzia darasa la tano mpaka la saba. Miaka mitatu nilimwona wakati wa likizo tu. Alipomaliza mtihani wa darasa la saba akarudi Kerende kusubiri majibu, na maisha yangu yakapata mwenyewe. Nikawa na mtu wa kunisuka bila kunivuta, mtu wa kucheka naye mtoni, mtu wa kunitetea mbele ya watoto wa mjomba. Nilimfuata kila mahali. Mama alisema hata akienda chooni nitataka kubeba kopo.

Yeye ndiye aliyekuja na habari ya vibendera.

Huko mjini alikuwa ameona nyumba zikipambwa kwa Krismasi kwa vibendera vya karatasi vilivyotungwa kwenye uzi, kila kimoja na herufi yake, mpaka vyote pamoja vikasema neno. "Halafu havigharimu kitu," alisema, na hilo ndilo lililomfanya Mama akubali. Tukaanza kuokota. Kwa mwenye duka aliyekuwa akijenga sakafu ya saruji tuliomba mifuko mitupu. Mfuko wa saruji una karatasi kadhaa zilizopangana, na zile za katikati zikikung'utwa vizuri ni safi na ngumu. Tulipiga chafya siku mbili. Bhoke alinionyesha namna ya kukunja karatasi mara mbili na kukata pembetatu zinazolingana, halafu tukazipaka rangi. Za njano tulizichovya kwenye maji ya binzari, za buluu kwenye bluu ya kufulia, na nyekundu tulimwomba jirani yetu aliyesuka vikapu atubakizie ile rangi ya unga aliyopaka katani. Vidole vyetu vilikaa na rangi hiyo wiki nzima, mwalimu wangu akadhani nimeumia. Kibandani tuliokota karatasi za fedha zilizomo ndani ya pakiti za sigara, tukazilainisha kwa mgongo wa kijiko, tukabandika vinyota kwenye ncha. Uzi ulikuwa wa katani. Gundi ndiyo hiyo ya muhogo.

Kilichopungua ni karatasi nyeupe ya herufi. Bhoke alitaka zisomeke kutoka mlangoni: KRISMASI NJEMA. Herufi kumi na tatu, tulizihesabu kwa vidole mara nyingi. Karatasi za daftari zina mistari, tena baba alikuwa amesema atakayechana daftari atamchana yeye.

Siku ya gulio, kama wiki mbili kabla ya Krismasi, niliachwa nyumbani nikoroge gundi. Baba alikuwa duarani, Mama kibandani, Bhoke ameenda kuchota maji. Mama Akinyi akasimama mlangoni na beseni kichwani. Alikuwa mama wa Kijaluo aliyetuletea dagaa kutoka Tarime kila gulio, na watu wengi walimpa vifurushi na salamu kwa sababu hakuwahi kupoteza kitu. Nilimwamkia. Akaitikia, akachomoa bahasha ya kaki kwenye fundo la kanga yake.

"Nyathina," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, mwanangu, kwa lugha yake. "Mpe mama yako mkononi. Shangazi yako ndiye amenipa. Ni ya dada yako hiyo, usiimwagie maji."

Akaenda zake. Bahasha haikuwa imefungwa kwa gundi.

Nataka jambo moja lieleweke kabla sijaendelea. Nilijua kusoma. Nisingeweza kutamba kwa hesabu, lakini mwalimu alipochoka kusoma hadithi alinisimamisha mimi mbele ya darasa. Nilizitoa zile karatasi mbili, kubwa, nyeupe, ngumu, zimepigwa chapa upande mmoja tu, nikazisoma nikiwa nimesimama karibu na sufuria ya gundi. Ya kwanza ilisema dada yangu amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana, mbali, upande ambao hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufika. Ya pili ilikuwa orodha: godoro, ndoo yenye mfuniko, jembe, shuka mbili, soksi nyeupe. Nilisoma mpaka soksi. Na chini kabisa ilisema kwamba mwanafunzi asiyeripoti katika wiki mbili za kwanza, nafasi yake atapewa mwingine. Hilo nalo nililisoma.

Sikuwaza jambo kubwa. Niliwaza kwamba amekaa na sisi miezi mitatu tu. Niliwaza vile kitanda kitakavyokuwa kipana. Nikasema nitaificha mpaka Krismasi ipite, halafu nitaitoa niseme nimeisahau, nichapwe, yaishe. Nikaisukuma chini ya gunia la mihogo, na Bhoke aliporudi na ndoo yake nilimwambia gundi imeiva.

Kesho yake nilikuwa na wasiwasi wa panya, kisha wa Mama, ambaye kila jioni alitoa mihogo kwenye gunia lile. Na Bhoke alikuwa bado analilia karatasi nyeupe. Basi likanijia wazo ambalo mpaka leo sijui mtoto wa miaka kumi alilipata wapi: kilichofichwa kinaweza kutafutwa, lakini hakuna mtu atakayetafuta kilichotundikwa ukutani. Bhoke alipokwenda kumsaidia Mama kibandani nilichukua mkasi wa kushonea. Karatasi ngumu hutoa sauti nzuri ikikatwa, kama ng'ombe anayekula majani mabichi. Kila moja nilipata vipande saba. Nikachora herufi upande usio na maandishi, nikazikata, nikazipaka gundi upande ulioandikwa, nikazibandika mwenyewe zote, haraka, nikizikandamiza kwa kiganja mpaka zikalala. Kipande kimoja kilichobaki pamoja na bahasha nikavitia motoni.

Bhoke aliporudi alisimama mlangoni. "Karatasi umetoa wapi?"

"Dukani. Walifungia betri."

"Gati! Umezikata zimenyooka kunishinda." Akanishika mashavu kwa mikono yake yenye unga. Mpaka leo nikisifiwa kwa kazi nzuri huwa nahisi unga mashavuni, na siufurahii.

Krismasi ile ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linalonisumbua. Mama alikuwa amekandika ukuta upya kwa mavi ya ng'ombe na majivu, umekauka laini. Vibendera vilipita kona hadi kona, njano, buluu, nyekundu, na juu yake herufi nyeupe kama meno. Bhoke ndiye aliyepanda kwenye kigoda kuvitundika, mimi namshikilia miguu. Majirani walikuja kutazama. Baba, ambaye alirudi na vumbi mpaka puani, alisimama chini yake akamsomea Mama taratibu, kidole kikifuata kila herufi kwa sababu Mama hakujua kusoma. Halafu akamgeukia Bhoke akasema, "Mama, kumbe shule ya mjini ina faida." Tukala nyama na chapati mpaka tukashindwa kuinama.

Baada ya hapo Bhoke akaanza kuhesabu siku. Alimwuliza baba kama anaweza kwenda Tarime kuangalia majina. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, hata Mama Akinyi hakuonekana gulioni, na baba akamwambia Shangazi yuko palepale mjini, kungekuwa na habari angeituma. Nilikuwa nimekaa karibu yao nachambua mchele. Sikuinua uso. Kumbe Shangazi, akijua barua imefika, alikuwa amevuka mpaka kwenda Isebania kumwuguza binti yake aliyejifungua, na huko alikaa muda mrefu kuliko alivyopanga. Wiki ya kwanza ya shule ikapita, na ya pili. Bhoke hakulia mbele ya mtu. Aliacha tu kuulizia, akafunga kanga, akaanza kuamka na Mama kukanda unga wa maandazi. Watu wakasema ndiyo bahati, wanaochaguliwa ni wachache.

Mimi nilifurahi. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Nilifurahi, na wakati huohuo nilikuwa nakaa nimeupa mgongo ukuta wa vibendera.

Halafu akaanza kuja kijana mmoja wa duara la jirani, aliyepata mawe mazuri na saa ya mkononi. Alikuwa akiagiza chai asiyoimaliza, akimtazama Bhoke akigeuza maandazi. Haikupita muda wazee wa kwao wakaja kuzungumza na baba habari za ng'ombe wa mahari. Baba hakuwajibu vibaya. Alisema atafikiri.

Shangazi Nyangi alirudi mwezi wa pili, akaja Kerende moja kwa moja na zawadi za mtoto mchanga bado zimo kikapuni. Ilikuwa siku ya gulio. Alipomkuta Bhoke anafua nguo uani, kikapu kikamwanguka.

"Wewe hujaenda shule?"

"Shule gani, Shangazi?"

Sitasahau jinsi Mama alivyotoka ndani akijifuta mikono, na jinsi alivyoendelea kuifuta hata ilipokuwa mikavu. Shangazi akaeleza kila kitu: amechaguliwa, barua aliipokea kwa mkono wake kutoka kwa mwalimu mkuu, akampa Mama Akinyi. Mtu akatumwa gulioni kumwita Mama Akinyi, mwingine duarani kumwita baba. Tukaingia wote ndani, chini ya vibendera, kwa maana hatukuvitoa. Nyumba ya tope haina mapambo mengi, mtu akipata moja analiacha.

"Nilimpa huyu," Mama Akinyi alisema, akaninyooshea kidole bila hasira. "Nilimkuta anapika kitu chake. Nikamwambia mpe mama mkononi."

Baba akanigeukia. "Gati. Ulipewa?"

"Sikupewa, tata."

Nililisema hilo, na lile tata la kumwita baba, kwa sauti safi kabisa. Baba akamgeukia Mama Akinyi, na sauti yake ikaanza kupanda, kwamba mtu mzima anawezaje kumsingizia mtoto, kwamba kama barua ilimdondoka njiani aseme tu. Mama yule, aliyekuwa akibeba vifurushi vya watu kwa miaka bila kupoteza hata uzi, alisimama pale akitazama miguu yake yenye matope.

Bhoke alikuwa ameegemea ukuta. Mende wa Kerende walipenda sana gundi ya muhogo, na pale juu ya bega lake ile herufi J ilikuwa imelegea nusu, imejikunja mbele kama jani. Nilimwona akiigeukia. Akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akasoma. Hakuwa na cha kusoma kirefu, lakini alikaa nacho muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Baba alikuwa ameshaona tunavyotazamana, mkono wake ukaenda kwenye fimbo ya ng'ombe iliyokuwa nyuma ya mlango.

"Ni mimi, tata," Bhoke akasema.

"Wewe nini?"

"Mama Akinyi alimpa Gati, Gati akanipa mimi. Nilifikiri ni makaratasi tu. Nikayakata yale." Akaonyesha juu. "Msimpige. Msimgombeze na mama wa watu."

Baba aliinua macho akatazama herufi, moja moja, kama alivyozisoma Krismasi. Fimbo ikarudi mlangoni. Nilitegemea atapiga kelele. Badala yake alizungumza chini chini, kwa ile adabu yake.

"Binti aliyemaliza darasa la saba hajui makaratasi ya shule? Basi, Mama, kama shule hukuitaka ungeniambia. Nisingekuwa nawazungusha wazee wa watu."

Hapo ndipo ningesema. Palikuwa na nafasi kubwa kabisa, kubwa kama mlango. Bhoke alikuwa bado ameishika ile J, Mama amekaa chini, Shangazi ananitazama kwa sababu hakuamini hata kidogo. Na Mama Akinyi, aliyejua kwamba hakuna aliyempa Bhoke chochote, alinitazama pia. Alingoja. Nilipokaa kimya aliinua beseni lake akatoka. Tangu siku hiyo hakuniita tena nyathina. Aliniita Gati, kama watu wote.

Aliyemwokoa dada yangu ni Shangazi. Baba alipotaka kuendelea na mazungumzo ya ng'ombe, alisimama katikati ya uwanja mbele ya wale wazee wageni akauliza kwa sauti, "Huyu ana jina la mama yetu. Leo, kaka, unamwoza mama yetu kwa mtu wa duara?" Wazee wakatazamana, mmoja akacheka, kisha wakacheka wote, na baba akashindwa. Kesho yake Bhoke akaondoka na Shangazi kwenda Nyamisangura. Aliniaga kwa kunishika kichwa. Aliniambia, polepole, wasisikie: "Ulikuwa hujui. Wewe ni mtoto. Usijilaumu." Ndivyo alivyoamini, kwamba niliona karatasi nyeupe tu. Nikaitikia kwa kichwa.

Nafasi yake ilikuwa imeshapewa mwingine. Na kurudia darasa la saba kulikuwa hakuruhusiwi, jina likishafanya mtihani limeshafanya. Lakini watu walijua njia. Katika shule moja ya kijijini kulikuwa na msichana aliyeitwa Wegesa, ameolewa akiwa darasa la sita, jina lake bado liko kwenye daftari la mahudhurio kama kiti kisicho na mtu. Shangazi akazungumza na wanaohusika. Dada yangu akaingia darasani akakaa kwenye jina lile. Nasikia siku alipompeleka, Shangazi alimwambia, "Leo nakuvua jina la mama yangu kwa mikono yangu. Usiniaibishe." Bhoke alifaulu kuliko mara ya kwanza. Akaenda sekondari, akaenda chuo cha uuguzi, akaajiriwa hospitalini Musoma, na kila karatasi aliyoipata tangu hapo, cheti, kitambulisho, cheti cha ndoa, ilisema Wegesa. Ada alilipa Shangazi kwa biashara yake ya ndizi. Baba alikataa. Alisema hawezi kumsomesha aliyekata barua yake kwa mkono wake. Baadaye hasira zikaisha zikageuka utani, na kila walipokuja wageni alisema, "Huyu ndiye aliyewapa mende shule." Watu wakacheka. Bhoke alicheka nao. Mimi nilikuwa naenda kuongeza chai.

Hata Wegesa mwenyewe tulikuja kufahamiana naye. Anauza nyanya, ana watoto saba, ni mtu wa mzaha. Kila anaponiona ananiuliza, "Mimi wa Musoma hajambo?" Namwambia hajambo. "Nisalimie," anasema. "Mwambie asinichoshe."

Mzaha huo niliucheka, mpaka siku niliyokwenda Musoma kumtembelea dada, nikiwa nimeshamaliza shule. Nilimwona ng'ambo ya stendi, amevaa sare yake nyeupe, anatazama upande mwingine. Nikaita, "Bhoke!" Hakugeuka. Nikaita tena, na tena, kwa nguvu, watu wengine wakageuka. Hakuwa mbali. Alikuwa anasikia sauti, ila jina halikuwa lake tena, si mahali pale. Nikasimama katikati ya mizigo ya watu nikaita, "Wegesa!" Akageuka papo hapo, akatabasamu.

Baba alifariki mwaka juzi. Nilikuwa nimejiahidi nitamwambia kabla hajaondoka, na mwezi wake wa mwisho nilikaa naye kitandani siku nne nikimlisha uji, na kila siku nilipata sababu. Kwenye mazishi walisoma majina ya watoto wa marehemu. Waliposema Bhoke, wauguzi wenzake waliokuja kutoka Musoma walitazamana kuulizana ni yupi.

Asubuhi baada ya mazishi tulikuwa nyuma ya nyumba, mimi na yeye, tunasugua masufuria ya msiba kwa majivu. Nikasema bila kupanga.

"Bhoke, niliisoma."

"Uliisoma nini?"

"Ile barua. Kabla sijaikata. Niliisoma yote. Nilijua ukienda hutarudi upesi. Nikaikata."

Aliendelea kusugua. Sufuria lilikuwa kubwa, la kukodi, na alisugua mahali pamoja mpaka paling'aa.

"Na zile wiki mbili?"

"Zilikuwa zimeandikwa chini. Nilizisoma."

"Ulikuwa na miaka kumi."

"Nilijua."

Ndani akina mama walikuwa wanacheka jambo fulani, kama watu wanavyocheka kazi ya msiba inapokwisha. Halafu akasema, bila kunitazama, "Siku ile nilisema ni mimi kwa sababu mtoto hawezi kupigwa kwa kitu asichokijua. Nimekaa na maneno ya baba miaka yote hiyo nikijiambia nilimkinga mtoto. Sasa sijui nilimkinga nani." Akalifunika lile sufuria, akachukua jingine. "Maji yameisha. Nenda kachote."

Nilikwenda kuchota. Niliporudi alikuwa ameingia ndani.

Aliondoka siku hiyohiyo na wenzake. Hakupiga simu mpaka Pasaka, na alipopiga aliulizia watoto, akaulizia mvua, akasema mguu wa Mama unahitaji daktari. Sasa tunazungumza kama zamani, au karibu na zamani. Hajaniambia amenisamehe, na mimi sijamwuliza. Mama Akinyi nilimtafuta nikaambiwa alirudi kwao miaka mingi iliyopita, hakuna anayejua kijiji gani.

Nilipokuwa mtoto niliamini mtu akibaki nyumbani umempata. Nilimbakiza Bhoke miezi miwili. Alichota maji, alikanda unga, alinisuka, alilala pembeni yangu, na mimi katika siku zote hizo niliogopa kumtazama usoni. Nilimkatia njia ili niwe naye, na sikuwa naye hata siku moja.